Tarishi Hajafika Kwao

Kwanza tuwekane sawa: Tarishi hakuwa mtu. Alikuwa sauti tu ndani ya redio, mpeleka barua wa ofisi moja ya kubuni, katika mchezo uliorushwa mchana kila siku ya kazi, mara tu baada ya matangazo ya vifo. Hakuwa na uso, hakuwa na kitanda, na hakuna aliyewahi kumshika mkono. Lakini walikuwepo ndugu wawili waliompenda kuliko walivyowapenda wajomba zao wa damu, na anayewafahamu wajomba hao hatashangaa.

Ndugu hao walikuwa wanawake wa tumbo moja. Mdogo alikuwa fundi cherehani, na watu wote walimwita Fundi, hata waliomzidi umri. Mkubwa alikuwa mpiga pasi katika chumba hicho hicho cha kazi, akaitwa Dada Pasi, jina ambalo hakulipenda lakini aliliitikia. Mama yao alifariki Fundi akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Dada Pasi naye alikuwa msichana tu, lakini ndiye aliyemwogesha mdogo wake, akamsuka, akampeleka shule, akamchapa pale ilipobidi na pengine pale ambapo haikubidi. Tangu hapo hawakuwahi kukaa mbali. Fundi aliwahi kuolewa, ndoa ikaisha kimya kimya, kama uzi unavyoisha kwenye bobini huku cherehani bado inadunda, na alipogeuka akamkuta dada yake ameshamtandikia kitanda.

Chumba chao cha kazi kilitazama barabara. Kilikuwa na mlango wa chuma uliokwaruza sakafu, meza ya kukatia nguo, meza ya pasi karibu na dirisha, na kamba ambayo siku zote ilijaa sare za shule zinazosubiri vifungo. Kilikuwa pia na Fundi Suti, mwanamume aliyekodi kona ya nyuma akishona makoti, mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Yeye alikuwa wa mpira. Mchezo wa redio aliuita umbeya wa kulipwa mshahara, na ulipoanza alijifanya anatafuta sindano iliyoanguka.

Muziki wa kufungulia mchezo ulipopigwa, kazi ilisimama. Dada Pasi alisimamisha pasi kwa kisigino chake, ncha juu, Fundi akaondoa mguu kwenye pedali, na mteja aliyeingia alioneshwa benchi kwa kidole. Wenye haraka zao walinuna. Waliozoea walikaa, wakasikiliza nao, na baadaye wakaanza kuja saa hiyo makusudi, suruali moja mkononi, kisingizio.

Walikuwa na sheria zao, wale ndugu. Kubwa kuliko zote ilihusu kusimulia. Ikitokea mmoja amekosa kusikiliza, labda kaenda kununua zipu, mwenzake alimsimulia toka mwanzo, kwa sauti za watu wote, na Fundi alikuwa na kipaji hicho: alikoroma kama mlinzi, alipiga chafya kama karani, aliburuta maneno kama mama mwenye nyumba. Alisimulia mpaka pale walipokatia wenyewe redioni, na hapo akafunga mdomo. Msikilizaji alikuwa na ruhusa ya kubahatisha kitakachotokea kesho, na Dada Pasi alibahatisha kwa kelele, karibu siku zote akakosea. Msimulizi hakuruhusiwa. Kuvuka mahali walipokatia ilikuwa kama kufungua barua ya mtu.

Na walivyokuwa hawana mzaha! Siku moja aliingia mwanamume mnene, mpole, ananukia vizuri, anataka suruali ipunguzwe. "Habari za kazi, akina mama," akasema, na pasi ikaganda hewani. Ilikuwa sauti ya Wakili, mwajiri wa Tarishi, yule katili wa mchezo, mla mali za yatima. Fundi alipigwa na butwaa. Dada Pasi hakupigwa na kitu.

"Wewe ndiye uliyemnyang'anya yule mjane kiwanja chake?"

Mwanamume akacheka. "Mama, mimi nasoma tu karatasi wanayonipa."

"Na hukuweza kukataa kuisoma?"

Suruali yake ilitoka pale ina mistari miwili ya pasi mbele ya kila mguu badala ya mmoja, imenyooka kama reli, na hakurudi tena. Fundi Suti alilalamika kwamba wamefukuza mteja. Dada Pasi alimjibu kwamba mteja mwingine atakuja, ila kiwanja cha mjane hakijarudi mpaka leo.

Tarishi ndiye aliyekuwa wao. Alichelewa kila mahali, mkoba wake ulikatika mkanda tangu mchezo ulipoanza na haukuwahi kushonwa, jambo lililomkera Fundi kiasi cha kutaka kuwaandikia. Alibeba siri za mji mzima na hakufungua bahasha hata moja. Kabla ya kumwomba mtu chochote alimwamkia, awe mkubwa awe mdogo, awe na pesa au hana mbele wala nyuma. Na alipochokozwa alijibu vile vile kila mara: "Nina dada nyumbani ananisubiri, sina muda wa ugomvi." Alikuwa ameondoka kwao akiwa kijana, kaenda kutafuta maisha, akamwacha dada yake aliyemlea. Sauti ya dada huyo haikuwahi kusikika redioni. Alitajwa tu. Miaka ikapita, Tarishi akisema atarudi, na wasikilizaji wakisema safari hii atarudi kweli.

Fundi aliwaza mengi juu yake wakati wa kukunja mapindo, kazi ambayo mikono inaifanya yenyewe. Aliwaza kwa nini moyo wake unamwonea uchungu mtu asiyekuwepo, wakati kuna watu waliopo kabisa, wanakula na kulala, na hana hata chozi moja la kuwatolea. Labda ni kwa sababu Tarishi alikuja saa aliyosema atakuja. Angechelewa kazini kwake, lakini redioni hakuchelewa. Hakuwa na wengi wa kulinganisha na uaminifu huo, na dada yake alikuwa wa kwanza.

Kisha dada yake akaumwa.

Lilianza kama tumbo la kawaida, likanywewa dawa za kawaida. Baadaye Dada Pasi akawa anapiga pasi amekaa, yeye aliyekuwa akisema kwamba pasi ya kukaa ni ya wavivu. Mwishowe akalazwa, akapasuliwa. Daktari alimwita Fundi pembeni kwenye korido, mahali ambapo watu walikuwa wanapita na mabeseni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Tumefungua, tumefunga." Halafu akaongeza kwamba wajitahidi asiumie. Fundi aliitikia kwa kichwa kana kwamba amepewa vipimo vya gauni. Alijikaza kisabuni mpaka akafika getini, na hapo akashika nguzo akalia, mlinzi akamtafutia kiti.

Wodini redio hazikuruhusiwa. Fundi alimnunulia dada yake zile spika ndogo za kuchomeka masikioni, Dada Pasi akazirudisha kwenye pakiti yake. "Kusikiliza peke yako ni uchoyo," akasema. "Nitasikiaje utamu, hakuna wa kumtazama usoni? Wewe uwe unakuja kunisimulia."

Ikawa hivyo. Mchana Fundi alisikiliza, jioni saa ya wageni alikuja na chupa ya supu, akakaa ukingoni mwa kitanda cha dada yake, karibu na dirisha, akasimulia kwa sauti zote, mpaka pale walipokatia. Vitanda vya jirani vilinyamaza. Kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa cha bibi mmoja mkongwe aliyelala siku zote ameelekea ukutani, hana mgeni, hageuki hata kwa chakula, na Fundi alidhani hasikii. Muuguzi alipita akasema wapunguze kelele, kisha akajikuta anarekebisha shuka moja kwa muda mrefu kuliko shuka ilivyohitaji.

Siku Tarishi alipokufa kulikuwa na sare nyingi. Muziki ukapigwa, kazi ikasimama, meza ya pasi ikiwa tupu. Karani akaingia ofisini kwa Wakili, mchezoni humo, akasema, "Umesikia? Tarishi kagongwa na lori jana. Hatunaye." Wakili akasema, "Maskini. Na ile barua yangu ya mahakamani je?" Wakaendelea na habari za mahakama mpaka mwisho.

Basi. Ndiyo ilikuwa yote. Baadaye ilisemwa kwamba mwigizaji alikuwa amepata kazi kwingine na hawakuelewana. Sijui, na sitaki kujua. Mtu aliyebeba barua za mji mzima miaka yote hiyo huwezi kumzika kwa sentensi moja, tena kwa kinywa cha karani. Fundi alibaki ameshika mkono wa shati ambao haujaungwa na bega. Katika kona ya nyuma, cherehani ya Fundi Suti, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya kwanza kuanza kudunda, ilikuwa kimya.

"Wamemuua?" Fundi Suti akauliza. Alikuwa amesimama, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. "Yaani hivi hivi tu?"

"Wamemuua."

"Na dada yake nani atampelekea habari?" akauliza mtu wa mpira, na ndipo Fundi alipojua kwamba sindano zile zilizoanguka miaka yote hazikuwahi kuanguka.

Jioni ile Fundi alikwenda hospitali. Njia nzima alijipanga jinsi ya kusema. Angeanza na mambo ya Wakili, halafu polepole, kwa sauti ya chini. Aliuona mlango wa wodi, akauona mguu wa dada yake umetokeza nje ya shuka, umekonda, kisigino kimepauka, kisigino cha mtu aliyesimama maisha yake yote. Akajikuta hana nguvu ya kumpelekea mtu yule habari ya kifo cha yeyote, hata cha nzi.

Dada Pasi alikuwa anamsubiri, macho kwake tangu mlangoni. "Haya," akasema. "Tarishi wetu kafanyaje leo?"

"Kaomba likizo," Fundi akasema. Uongo wa mchana kweupe, na hakupepesa macho. "Kamwendea Wakili mwenyewe. Kamwambia, 'Mzee, shikamoo, naomba ruhusa, nakwenda kwetu. Nina dada nyumbani ananisubiri.'"

Dada Pasi alimtazama kwa muda. Kisha akavuta shuka mpaka usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Fundi alidhani ni maumivu, akainuka amwite muuguzi, lakini mkono ukatoka ndani ya shuka ukamshika gauni.

"Kaa," sauti ikasema. "Endelea. Wakili akajibu nini?"

Tangu siku hiyo Fundi hakuusikiliza tena mchezo. Saa ileile mchana alizima redio, akakaa na mguu nje ya pedali, akamtungia Tarishi safari. Hakuwahi kutunga chochote maishani zaidi ya nguo, na kazi ile ilimtoa jasho. Alishona mfuko wa kaptura ya shule ukazibika kabisa, hauingii hata kidole. Aliunga kola nyuma mbele. Fundi Suti aliona yote haya, akameza maneno kwa siku kadhaa, mwishowe akavuta kiti chake.

"Yuko wapi sasa?"

"Stendi. Basi limejaa."

"Mpandishe lori la mbao. Dereva awe mtu wa hadithi nyingi, wapotee njia." Akafikiri, akajikuna kidevu. "Ila mto usimvushe bado. Akivuka tu atafika upesi."

Hakusema zaidi, na Fundi hakumuuliza amejuaje. Maana hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na sasa lisemwe wazi. Aliamini kwamba maadamu Tarishi yuko njiani, Dada Pasi ataitaka siku ya kesho, aishi aifikie. Hakuna daktari aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, akiwa amebeba chupa ya supu, na kila jioni aliyomkuta dada yake macho wazi aliona ameshinda. Basi lori lilipata pancha. Daraja lilifungwa. Tarishi aliugua homa kwa watu baki, akauguzwa, akaibiwa kiatu kimoja, akakisaka mpaka akakipata. Kila jioni Fundi alikatia mahali patamu, mlango unagongwa, mtu anaita kwa nyuma, kisha yeye akasimama na kufunga kifuniko cha chupa.

"Ah! Wakakatia hapo?" Dada Pasi alilalamika.

"Hapo hapo."

"Watu hawa hawana huruma." Kisha angebahatisha: atakuwa yule mwenye lori amerudi. Na hakuwa mwenye lori.

Hakuacha kukosoa pia. "Tarishi hawezi kuomba maji kwa mtu kabla hajamwamkia. Walisema kweli hivyo?" Fundi akajitetea kwamba labda waandishi wamebadilishwa. "Inaonekana," Dada Pasi akasema. "Huyu wa sasa anapenda sana kuzungusha watu. Lakini moyo anao." Na siku nyingine, ghafla, akiwa amefumba macho: "Sauti yake ikoje siku hizi?" Fundi akajibu kwamba imechoka kidogo, kwa sababu ya safari.

Dada Pasi alizidi kupungua. Supu ikawa inarudi nyumbani karibu yote. Akawa anasikiliza bila kubahatisha, kidole chake kimoja kikifuata maua ya shuka aliyoletewa kutoka nyumbani, yale yale aliyoyapiga pasi kwa mkono wake. Siku ya mwisho, ambayo hakuna aliyejua ni ya mwisho, Tarishi alikuwa ameshavuka mto, maana hakukuwa tena na pa kumzungusha. Alikuwa anapanda kilima cha kwao kwa miguu, mkoba begani, mkanda umefungwa kwa kamba. Alifika juu. Akaliona bati la nyumba yao. Mbwa akabweka. Hapo Fundi akashika kifuniko cha chupa.

"Mdogo wangu," Dada Pasi akasema. "Leo usikatie. Mfikishe."

"Dada, ndipo walipokatia."

"Bati lenyewe si hilo analiona? Ni kuteremka tu."

"Hatuvuki pale walipokatia. Si sheria yako mwenyewe?" Fundi alijaribu kucheka. "Kesho. Kesho nakuja mapema."

"Nani waliokatia?"

"Hao wa redio."

Dada Pasi akamtazama vile alivyokuwa akimtazama zamani, alipomkuta na sukari mdomoni na yeye anaapa hajaigusa. Akatabasamu. "Haya," akasema. "Waambie hao wa redio wasichelewe."

Fundi aliondoka akiwa na moyo uliotulia kidogo. Kesho ilikuwa imetakwa tena. Lakini nyumbani, akikunja nguo, lile ombi lilimrudia, na asubuhi alipofungua mlango wa chuma alikuwa ameshakata shauri: leo atamfikisha, liwalo na liwe. Alikuwa ameshayapanga maneno yote, alikuwa ameshampa dada wa Tarishi gauni la kuvaa, la buluu, lenye mifuko. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano simu ilipoita, na sauti ya mwanamke ikamuuliza kama yeye ni ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

Msiba ulikwenda kama misiba inavyokwenda. Watu walikuja, wakasema dada alikuwa mtu wa watu, na ilikuwa kweli. Fundi Suti alishinda amesimama karibu na mlango akiwa amevaa koti alilolishona mwenyewe, akipokea wageni kama mtu wa nyumba, na alipoulizwa yeye ni nani wa marehemu alisema, "Tulikuwa tunasikiliza pamoja." Waliomfariji Fundi walimwambia amemuuguza dada yake vizuri, hakumnyima kitu. Kila waliposema hivyo alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amemnyima. Mtu aliyemlea, aliyemkatia kipande kikubwa cha kila kilichokatwa, alimwomba neno moja tu, neno lisilo na gharama, aambiwe kwamba mtu amefika kwao. Naye akafunga kifuniko. Hilo hakumwambia yeyote. Nani angemwelewa? Wangesema uchungu umemchanganya, analilia mtu wa redioni.

Baada ya shughuli zote kwisha, alikwenda wodini kuchukua vitu vya dada yake. Muuguzi alikuwa amevikusanya kwenye mfuko: kikombe, kandambili, kitana, shuka ya maua. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa upya na bado hakijapata mtu. Fundi alisaini, akashukuru, akageuka.

"Wewe ndiye mwenye Tarishi," sauti ikasema.

Alikuwa yule bibi wa ukutani. Alikuwa amegeuka. Fundi hakuwahi kuuona uso wake kabla ya hapo. Ulikuwa mdogo, una macho ya kuchangamka ambayo hayakulingana na kisogo alichokizoea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kaa hapo." Akamwonesha kitanda cha dirishani. "Mwenzio alikuwa na cheko, yule. Mimi nilimpa kisogo kila mtu humu ndani, lakini sikio langu lilikuwa kwenu."

Fundi akakaa, mfuko mapajani. Akasema kilichokuwa karibu na ulimi. "Bibi, nilimdanganya. Tarishi alishakufa. Redioni walimuua zamani."

"Tunajua."

"Mnajua?"

"Mfagiaji alimletea habari siku ile ile, mchana, wewe hujaja. Akalia kidogo, mwenzio. Akasema, 'Maskini mdogo wangu, ataniambiaje? Yule hajui kuficha kitu usoni.' Basi wodi nzima tukakungoja tuone. Ukaja ukasema kaomba likizo!" Bibi akafunika mdomo kwa kiganja. "Ulipotoka alicheka mpaka akashika mshono. Muuguzi akaja kumgombeza."

"Mbona hakuniambia?"

"Alitukataza. Alisema ukijua anajua, utaacha."

Fundi akatazama kandambili ndani ya mfuko. Nyayo za dada yake zilikuwa zimejichora juu yake, kisigino kimezama zaidi. Kwa hiyo alijua. Alipouliza kama kweli walisema hivyo, alijua. Aliposema waambie wasichelewe, alikuwa anamwambia yeye. Faraja na uchungu vilimjia pamoja, na uchungu ulikuwa na mikono mirefu zaidi.

"Aliniomba nimfikishe," akasema. "Siku ile. Sikumfikisha."

"Nilisikia." Bibi akavuta pumzi. "Ulipotoka akasema, 'Huyu mdogo wangu hatamfikisha. Anaogopa. Ngoja nimfikishe mwenyewe.' Akatusimulia."

Fundi akainua uso. "Alimfikisha?"

"Alimteremsha kilima. Mbwa hakumjua, akambwekea, basi Tarishi akamwamkia mbwa." Bibi akatabasamu. "Tulicheka. Akafika uani, akaweka mkoba chini, akafuta viatu kwa nyuma ya suruali. Ndani kuna taa. Akasimama pale hathubutu kubisha, anasikiliza, akasikia mtu ndani anapiga pasi. Akabisha. Akasikia pasi inawekwa chini, vile, kwa kisigino. Halafu sauti ikauliza, 'Nani?'"

"Halafu?"

Vidole vya bibi vilikuwa vinakunja ncha ya blanketi na kuikunjua.

"Halafu dawa ikanichukua, mwanangu. Nilisinzia. Nimewauliza wengine, kila mtu alikuwa ameshalala, ilikuwa baada ya sindano. Nilijiambia nitamuuliza asubuhi." Akatazama kitanda alichokalia Fundi, akaacha kukitazama. "Nimekuwa nakungoja wewe. Ndiyo maana nimegeuka huku tangu juzi. Nimalizie. Alifunguliwa?"

Kulikuwa na kelele za vikombe koridoni. Fundi alijua sheria: unasema kwa sauti za watu wote, na leo ilibidi avuke pale alipokatia dada yake. Akauweka mfuko chini. Akakohoa kidogo, akainama mbele, na sauti ya Tarishi ikatoka, ile iliyochoka kidogo kwa sababu ya safari.

"Ni mimi, dada. Shikamoo. Nimechelewa."

Bibi akajiinua kwa kiwiko ili asikie vizuri. Fundi akafungua mdomo aendelee, na hakuna kilichotoka. Aliyefuata kusema alikuwa dada, yule mwenye pasi, na hiyo ndiyo sauti pekee ambayo hakuwahi kujifunza kuiiga, kwa sababu siku zote mwenyewe alikuwepo.